Marehemu kafufuka sebuleni kwetu

Jamani, leo bibi kaniweza.

Kashuka kutoka kijijini Kisondela kutusalimia, nikamwekea muvi kwenye deki.

Muziki wa huzuni, majina ya waigizaji yakaanza kupita, jeneza likashushwa kaburini. Bibi akajua ni tangazo la msiba. Akajifunga khanga kiunoni, akaketi chini, akalia kweli kweli!

Mara yakatokea maandishi: "Miaka mitano iliyopita." Marehemu yule yule anakula ndizi.

Bibi akanigeukia. "Huyu si tumemzika sasa hivi?"

"Bibi, muvi ndivyo zinavyoanzaga. Wanaonyesha mwisho, halafu wanarudi nyuma."

Akafuta machozi.

"Basi waambie wamrudishe na babu yako."

Deki nimezima. Nyie mngemjibu nini?