Pofu Niliyemwandikia Uzee

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti chenye miguu mitatu, tofali la kushika nafasi ya mguu wa nne, na picha zaidi ya mia tatu za swala. Nyingi zilikuwa za makalio. Mnyama akipita mbele ya kamera hageuki kukuangalia kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Unapata alichokuachia, na kwa hicho unatakiwa useme ni dume au jike, ana miaka mingapi, na kama ni mzima.

Sikuwa nimeajiriwa kwa kazi hiyo. Nilikuwa fundi wa ua katika ranchi moja kwenye nyanda za chini ya mji wa Machakos, ng'ombe na wanyamapori wakila malisho pamoja. Wiki iliyotangulia nilikuwa nikikaza waya karibu na ofisi, nikachungulia dirishani. Mkuu wa Doria, askari mstaafu ambaye sote tulimwita Afande, alikuwa amepanga picha mezani.

"Wewe, unachungulia nini?"

"Hizo picha, afande. Mmeandika swala wawili, na huyo ni mmoja."

"Nani amekuambia?"

"Sikio la kushoto limepasuka. Hapo na hapo."

Alizitazama picha zile kwa muda. "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita."

"Mbona uliacha?"

"Nilitaka kuona lori za mchanga zinaenda wapi."

"Ukaona?"

"Ndiyo. Zilikuwa zinaenda Nairobi."

Alicheka mpaka akashika meza. Jumatatu nikaketi juu ya tofali.

Ni kweli nilikuwa mtu wa kuhamahama. Nilizaliwa Kola, na kabla ya ranchi ile nilikuwa nimepakia mchanga, nimevunja mawe Mavoko, nimeuza vitunguu Kithimani na kulinda kisima Mitaboni. Popote nilipofika nilitaka kujua kitu kinavyofanya kazi, na nikishajua, miguu inawasha. Kazi ya picha ndiyo pekee iliyonishika, kwa sababu haikuisha kujulikana.

Kamera zenyewe tulizifunga kwenye miti, kando ya vijia vya wanyama na mahali pa chumvi wanapokuja kulamba. Kitu chenye joto kikipita, kamera inapiga yenyewe, picha tatu mfululizo. Mchana picha hutoka na rangi. Giza likiingia kamera hutumia mwanga usioonekana kwa macho, na picha hutoka kijivu tupu. Likumbukeni hilo la kijivu.

Afande alinifundisha kusoma dume kuanzia chini kwenda juu.

"Usianze na pembe, Mutiso. Pembe iko na maneno mingi. Kila mtu anaona pembe anasahau mnyama. Anza na tumbo."

Basi nilianza na tumbo. Swala kijana tumbo lake limepanda kuelekea nyuma kama la mbwa wa mbio, na shingo yake ni nyembamba. Akikomaa shingo inajaa mpaka kichwa kinaonekana kidogo. Akizeeka mgongo unabonyea na tumbo linashuka. Pembe huja mwisho: za mwaka wa kwanza ni vijiti vilivyonyooka, baadaye hujipinda kwenda nyuma na kutanuka, na uzeeni zile pete zinazozizunguka husuguka na ncha huwa butu. Kuhusu afya, tulitazama mbavu, nyonga, na lile shimo lililo mbele ya nyonga. Tulitazama kama manyoya yamelala au yamesimama, kama masikio yameanguka, kama miguu ya nyuma imechafuka kwa kuhara. Picha tatu mfululizo zilituonyesha anayechechemea. Mwisho tulitoa alama, moja kwa aliyekonda kabisa na tano kwa aliyenona.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa ranchi nyingine ya mwajiri yule yule, upande wa Yatta. Kule kulikuwa na pofu, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye ukubwa wa fahali, na pofu ana hesabu yake. Dume lake huanza na rangi ya udongo mwekundu, na kadiri miaka inavyokwenda shingo na mabega hugeuka kijivu cha samawati. Kwenye paji la uso huota kishungi cha nywele nyeusi, tulichokiita brashi. Ngozi inayoning'inia kooni tuliiita tai, kwa sababu pofu mkubwa hutembea kama mwenyekiti anayeelekea mkutanoni.

Kule niliripoti kwa Meneja, na kwa Daktari wa Wanyama, mama mpole wa maneno machache aliyekuja mara moja kwa mwezi. Jedwali langu lilikuwa na safu nne: mnyama, umri, hali, na uamuzi. Uamuzi ulikuwa ama "aitwe daktari" ama "aachwe". Mnyama aliyekonda kwa ugonjwa au jeraha aliitiwa daktari. Aliyekonda kwa uzee, meno yakiwa yamekwisha, aliachwa afe kwa wakati wake. Hakuna aliyenisimamia katika safu ile ya nne. Kalamu ilikuwa yangu.

Kiangazi kimoja, dume la pofu lilipigwa picha kwenye chumvi kabla ya mapambazuko. Mbavu zilihesabika. Uti wa mgongo ulisimama kama paa la nyumba. Kichwa kilikuwa chini, pembe zimefichwa na nguzo ya ua, brashi imeganda matope. Na shingo ilikuwa kijivu, kijivu kabisa.

Daktari alipiga simu siku hiyo kuuliza kama kuna mnyama wa kumfanya aje mapema.

"Kuna pofu mmoja amekonda, lakini huyo ni babu," nikamwambia.

"Una hakika, Mutiso?"

"Daktari, ungemuona! Huyu alikuwa hapa kabla ya barabara ya lami."

Akacheka, nami nikacheka. Nikaandika: Mzee. Aachwe.

Mfukoni nilikuwa na kadi ya picha ya kamera nyingine, ile ya korongoni, ambayo sikuwa nimeifungua. Nilipaswa kuifungua kwanza. Lakini ng'ambo ya ua walikuwa wamefika watu wenye mtambo wa kuchimba kisima, na tangu asubuhi nilikuwa nikisikia ngurumo zake. Nilitaka kuona udongo wa chini una rangi gani. Nikaenda. Nilisimama pale mpaka jioni, nikiwauliza wachimbaji maswali, na kadi ilikaa mfukoni siku tatu, kisha nikaitupa kwenye droo bila kuifungua.

Siku ya kumi na mbili walinzi wa doria walimkuta pofu amekufa korongoni. Daktari alifika, akavaa glavu, akapiga magoti. Alifungua kinywa kwanza.

"Njoo uone hii meno."

Yalikuwa marefu na meupe. Mengine ya nyuma ndiyo kwanza yalikuwa yanatoka kwenye ufizi. Kwenye mwanga wa mchana manyoya yake yalikuwa mekundu kama ya ndama, shingo nayo vile vile. Kisha Daktari akainua ile tai, na chini yake kulikuwa na waya wa mtego, umezama ndani ya nyama mpaka usingeweza kuingiza kidole. Pofu yule alikuwa akishindwa kumeza. Alikufa njaa majani yakiwa mbele yake.

"Mwaka wa tatu huyu," Daktari alisema. "Sindano ya usingizi, koleo la kukata waya, dawa ya kidonda. Kazi ya nusu saa."

Kisha akaongeza, bila kupandisha sauti: "Ungeandika mgonjwa, ningekuja. Uliandika mzee."

Niliporudi ofisini nilifungua ile kadi. Alikuwamo, mchana kweupe, mwekundu kuanzia shingo hadi mkia, pembe kali zisizosuguka hata kidogo. Mstari wa waya ulionekana wazi kooni. Nilirudi kwenye ile picha ya kijivu na mstari ulikuwa pale pia. Nilikuwa nimeuona. Nilikuwa nimeuita kunyanzi la ngozi, kwa kuwa nilishaamua kwamba ni mzee, na mzee ana makunyanzi.

Nilipeleka daftari kwa Meneja, nikitarajia kufukuzwa. Nilimwomba ruhusa ya kuchana ule ukurasa niandike upya.

"Huchani kitu," alisema. "Piga mstari mmoja juu ya hilo neno, lakini lisomeke. Chini yake andika ukweli, utie sahihi."

"Na kazi, bwana Meneja?"

"Kazi gani? Nikikufukuza wewe, nitaajiri mtu ambaye hajawahi kukosea. Huyo naye ataniulia wanyama wangapi?"

Nikaandika: Kijana. Mtego wa waya. Nilikosea. Kuandika maneno yale matano kulinichukua muda mrefu kuliko jedwali la mwezi mzima.

Tangu siku hiyo sikumwandikia mnyama uzee kwa picha ya usiku peke yake. Nilitaka picha ya mchana, ubavu wa kulia na wa kushoto. Nisipozipata niliandika "sijui", neno ambalo jedwali halikuwa na nafasi yake, na nikaenda korongoni kwa miguu kumtafuta mwenyewe. Walinzi walinicheka. "Bwana Sijui anakuja, ficheni uji!" Daktari hakucheka; nikimwita alikuja tukaenda pamoja. Mara nyingi tulimkuta mnyama ni mzee kweli, tukarudi tumechoka bila kufanya lolote. Mara mbili tulikuta waya, na hao wawili niliwaona kwenye picha miaka iliyofuata, wamenenepa, shingo zikianza kugeuka kijivu taratibu kama inavyotakiwa.

Nilistaafu nikarudi Kola. Nyie mnaoanza kazi hii sasa mna kompyuta inayowataja wanyama yenyewe kwa dakika moja, na sina ugomvi nayo. Niliwahi kufanya makosa bila msaada wake. Ninachowaomba ni mjue uzito wa lile neno "mzee". Ni neno la heshima, tunaitana hivyo barabarani. Lakini likiandikwa penye swali la afya, maana yake ni kwamba hakuna mtu atakayekuja.

Mwaka jana nilianza kukonda. Mke wangu, Mwikali, alipeleka suruali zangu kwa fundi zikabanwa kiunoni, kisha zikabanwa tena. Jioni nilitoka jasho, chakula kikawa hakipiti vizuri. Nilikwenda zahanati. Kijana aliyekuwa zamuni alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango, akaniuliza umri wangu na akaanza kuandika kabla sijamaliza kueleza.

"Ni uzee tu, mzee wangu. Kula mboga, pumzika."

Nilisimama. Nilifika hadi mlangoni, kwa kuwa nimelelewa kutobishana na mwenye koti jeupe. Pale mlangoni miguu ikakataa. Nikarudi, nikavua shati, nikakaa tena.

"Mzee, vipi?"

"Daktari, hujaniangalia. Nishike hapa shingoni."

Watu wa foleni walianza kunung'unika. Mmoja akauliza kwa sauti kama nimekuja kuoga. Yule kijana alitaka kukasirika, nikaona, kisha akainuka akazunguka meza. Vidole vyake vilipita chini ya taya, vikashuka, vikasimama. Vikarudi pale pale. Aliacha kunitazama usoni, akatazama shingo. Akaiweka pembeni ile karatasi aliyokuwa ameiandika, akachukua nyingine.

Ilikuwa kifua kikuu, kile kinachokaa kwenye tezi za shingo. Nilimeza dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, Mwikali akiwa amesimama mbele yangu na kikombe cha maji. Juzi amezirudisha suruali kwa fundi aziachie kiunoni.