Saa Moja na Nusu Angani

Bibi alifariki kijijini, ng'ambo ya ziwa kwa kivuko cha Kamanga, mama akiwa Dar es Salaam. Nilimpigia simu kutoka posta ya Mwanza, akasema atakuja na ndege ya kesho asubuhi. Mjomba, mdogo wake mama, alitaka kujua jambo moja tu: kutoka kiwanja cha Dar hadi chetu ni muda gani. Tukaenda kwa wakala. Siku hizo mashirika ya ndege yalichipuka kama uyoga, kila moja na ofisi yake na kalenda ya rangi ukutani. Wakala alitujibu bila kuinua kichwa: kilomita mia nane na kitu, saa moja na nusu.

Mjomba akatuma mtu avuke, kaburi lichimbwe alfajiri. Nilimuuliza kwa nini wasingoje kwanza ndege itue.

"Ni saa moja na nusu, mjomba. Au na hilo una wasiwasi nalo?"

Kesho yake, mchana ulitukuta bado kwenye benchi la uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa bado Dar, ikisubiri kipuri. Hakuna aliyetudanganya. Umbali ulikuwa uleule, na muda wa kuruka uleule. Ila saa ambazo ndege imesimama chini, ni nani anazihesabu? Mbele yetu dege kubwa la mizigo lilipaa kuelekea Ulaya, limejaa minofu ya sangara.

"Wale hawachelewi," mjomba alisema.

"Wakichelewa wataoza."

Alinitazama. Nikatamani ningenyamaza.

Jioni ilipokaribia alisimama. Kivuko cha mwisho kilikuwa kinakaribia kuondoka, na kule hakukuwa na simu.

"Kaburi halilali tupu. Hilo unalijua."

"Nalijua. Sijawahi kuambiwa sababu."

"Huambiwi kwa sababu unauliza kama polisi."

"Kwa hiyo mtamzika bila mama?"

"Kaburi tutalilazia mgomba badala ya maiti, litatulia. Shida ni mama yangu. Leo siku ya pili, na joto hili." Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba atapitia mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, awaombe wanunuzi barafu. Nilitia shaka kama wangempa. Barafu ile ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa mbali.

Mama alishuka jua likizama. Aliuliza kabla sijamwamkia.

"Mmeshamzika?"

"Sijui, mama."

Ndiyo kweli niliyokuwa nayo. Tulilala mjini kwa jamaa.

Asubuhi tulivuka. Tulipoingia uani, mama akikimbia mbele, vijana walikuwa wanautoa mgomba kaburini, unadondosha udongo. Mama aliuona, akaacha kukimbia. Kwa mara ya kwanza tangu atue, alitembea kama mtu aliyechoka.

Ndani, bibi alikuwa amelazwa mkekani katikati ya viroba vya barafu iliyobaki nusu maji. Chumba kizima kilinuka sangara. Mama aliketi, akamfuta matone usoni kwa ncha ya kanga yake, akatuomba tumpishe. Tukatoka. Mjomba, macho mekundu kwa kukesha, akawaambia wachimbaji waweke majembe chini, wakae.