Mashua Yetu na Madumu ya Maji

Bariadi haina ziwa. Ina mto ambao kiangazi watu huuvuka kwa miguu mikavu, ina malambo ya kunyweshea ng'ombe, na katika ujana wangu ilikuwa na klabu ya mashua yenye wanachama watano. Mimi nilikuwa wa tano.

Mashua ilikuja na pamba. Ilikuwa miaka ile ambayo ushirika haukununua tena pamba peke yake. Kampuni za watu binafsi zilifika vijijini kila moja na mizani yake, na msimu wa kununua ulikuwa kama mnada. Meneja wa kampuni mojawapo alikuja kutoka Mwanza akivuta mashua ndogo nyeupe kwenye tela. Jumapili aliipeleka Lamadi, ziwani, akienda na fundi wa gereji yetu kumsaidia. Msimu ulipokwisha kampuni ilifunga mizani ikahamia mkoa mwingine, na meneja akamwachia fundi mashua, tela na tanga lake. Panya wa gereji walilila lile tanga.

Hapo ndipo nilipoingia. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nashona kwenye baraza la duka la mjomba. Mitumba ilikuwa imefika kwa wingi, na mtu wa kushonesha shati jipya alikuwa haba, kwa hiyo siku nzima nilikata miguu ya suruali za watu warefu wa nchi nyingine ziwatoshe watu wa Bariadi. Fundi akaniletea turubai la kufunikia pamba na mabaki ya tanga, akasema, "Shona kama hili, ila zima." Nilishona wiki mbili. Mshono niliurudia mara mbili kila mahali, kwa sababu niliogopa kuulizwa baadaye. Nilipolimaliza, hawakunilipa, walinifanya mwanachama, na nilifurahi kuliko kama wangenilipa.

Wengine walikuwa watatu, ukimtoa fundi. Mwenyekiti alikuwa dereva wa zamani wa lori la ushirika, mtu wa Mwanhuzi huko Meatu, aliyepunguzwa kazini wakati ushirika ulipokosa pamba ya kubeba. Katibu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Na kulikuwa na muuguzi wa hospitali, ambaye sote tulimwita Sista, mwanamke wa maneno mengi aliyekuwa na nguvu za kuvuta kamba kuliko sisi wanaume.

Mazoezi tulifanyia kwenye lambo moja upande wa Sapiwi. Upepo ulipita juu ya tuta, ukashuka, ukazunguka, na sisi tukazunguka nao. Ng'ombe walikunywa huku wakitutazama. Wachungaji walikaa kwenye tuta wakitutania.

"Mnakwenda wapi?" mmoja aliuliza siku moja, mashua ikipita mbele yake kwa mara ya nne.

"Ng'ambo," Sista alijibu.

"Ng'ambo ni pale. Hata ndama anafika."

Mjini nako hatukupona. Nikipita sokoni kuna mama muuza dagaa aliniita, "Nahodha, umeniletea nini?" Nami niliinamisha kichwa nikapita. Nilikuwa mtu wa aibu. Neno lilinijia, nikaligeuza kinywani, na nilipokuwa tayari kulisema watu walikuwa wameshaingia kwenye jambo jingine. Hata kuandika naandika hivyo hivyo.

Mwaka ule Nane Nane iliangukia Ijumaa, na mwenyekiti akatangaza kwamba klabu itafanya safari. Tungeondoka Ijumaa na pikapu ya fundi mpaka Lamadi, tulale hapo, na Jumamosi alfajiri tupande mashua tufuate ufuko kuelekea upande wa Nassa. Usiku mmoja huko, na Jumapili tungerudi.

Aliposema Nassa nilimkumbuka mama. Mama yangu ni mtu wa huko. Aliolewa kuja kwetu akiwa msichana, na tangu mazishi ya bibi alikuwa hajarudi. Kila alipopika dagaa alitaja jiwe la kwao: jiwe kubwa lililokaa juu ya mawe matatu kama chungu kwenye mafiga, na chini yake ufuko ambako walichota maji na kufua. Alisema ukiwa nchi kavu huoni vizuri, linazibwa na miti. Ukitaka kuliona uwe majini. Nilipomwambia kuhusu safari, aliacha kupepeta mtama akanitazama.

"Basi ukaliangalie," alisema. "Uje uniambie kama bado limekaa."

Hakuwahi kunituma kitu kingine kwa sauti ile.

Mikutano ya kupanga tuliifanyia gereji, tukikaa juu ya matairi. Mwenyekiti aliiendesha kama walivyoendesha mikutano ya vikundi vya kulima kwao: kila mtu husimama kwa zamu yake aseme, na asiyesimama amekubali lililosemwa. Sheria hiyo iliwafaa wote isipokuwa mimi. Katika mikutano yote nilikuwa nimekubali kila kitu.

Nikikumbuka sasa, mikutano ile ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Tulibishana kuhusu michembe, vile viazi vya kukausha, kama tuichukue mikavu tuipike huko au tuipike nyumbani kabisa. Fundi alitaka kuku. Mwalimu aliuliza kuku atakaa wapi, fundi akajibu atakaa na katibu. Sista alitaka kila mtu awe na chandarua. Mwalimu alichora ufuko ubaoni kwa chaki, akauchora umenyooka kama rula, na kila tulipopanga kupumzika akaweka duara. Kuna jioni tulimaliza mkutano, tukabaki tumekaa tu, mashua iko mbele yetu kwenye tela, kuku wa jirani wamepanda juu yake, na hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jumatano, na mwenyekiti akaleta suala la maji. Kabla ya kuwa dereva alikuwa ameswaga ng'ombe wa baba yake kutoka Meatu mpaka minadani, na safari aliijua kwa namna hiyo.

"Ukitoka Mwanhuzi na ng'ombe bila kupanga maji," alisema, "utarudi na ngozi. Kila mtu dumu lake la lita ishirini. Na la akiba."

"Na la kupikia," alisema mwalimu.

"Na la kunawa," alisema Sista. "Mimi sili na watu wasionawa."

Wote tukaona ni busara. Kiangazi kilikuwa kikali, visima vilikuwa na foleni, na hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kutoka nyumbani kwa siku tatu bila kufikiria maji kwanza. Fundi alikwenda akapanga madumu matupu ndani ya mashua tuone. Yalijaza sehemu yote ya katikati.

"Yakiwa na maji, pamoja na watu watano," alisema fundi, "tutasafiri chini ya ziwa."

"Basi wanne," alisema mwenyekiti. "Mmoja atabaki Lamadi kulinda pikapu. Asimame aliye tayari kubaki."

Hakuna aliyesimama.

"Asimame asiyeweza kubaki."

Fundi akasimama, kwa sababu mashua ni yake. Mwalimu akasimama, kwa sababu ramani ni yake. Sista akasimama, akasema hahitaji sababu. Mwenyekiti alikuwa amesimama tangu mwanzo. Mimi nilikuwa na sababu, nilikuwa nayo yote mdomoni, jiwe na mafiga na mama. Miguu haikunyanyuka.

"Kijana amekubali," alisema mwenyekiti. Akanipiga bega kwa upole, akinishukuru. "Wabeja, kijana. Wewe ndiye tunayemwamini na gari."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama anachambua mchicha. Nilimwambia sitafika Nassa, nitaishia Lamadi.

"Kwa nini?"

"Mashua haitoshi, mayu. Kuna maji."

"Maji gani?"

"Ya kunywa. Madumu saba."

 Mama akaweka mchicha chini.

"Mnapeleka wapi?"

"Ziwani."

Nilipolisema ndipo nilipolisikia. Mama alianza kucheka polepole, kwa tumbo, akashika ukuta, akakaa chini kabisa. "Mwanangu," alisema akifuta macho. "Sisi tulikuwa tunachota pale pale chini ya jiwe. Tunakunywa, tunapikia, tunaogeshea watoto. Watu wazima watano?"

Hatukuwa wajinga. Kila mmoja wetu alijua kwamba maji ya ziwa lile hayana chumvi, hata mtoto wa darasa la tatu alijua. Tulikuwa tumepanga kwa miili yetu, ambayo ilizoea kiangazi, na mwili haukuuliza safari hii inakwenda wapi.

Mama aliacha kucheka. "Waambie," alisema.

"Wameshaamua."

"Waambie, baba. Ni maneno machache tu." Akarudia mchicha wake. Baadaye, bila kunitazama, akasema, "Hilo jiwe lilikuwa na ufa. Nafikiri huenda limeshaanguka."

Alhamisi sikwenda gereji. Nilikaa kwenye cherehani nikiyashona yale maneno na kuyafumua. Yote yalisikika kama ya mtu anayewacheka wakubwa wake.

Ijumaa alfajiri nilifika nikakuta madumu yamepangwa ukutani, yamejaa, vizibo vimekazwa kwa nailoni. Mwenyekiti alinisalimia kwa furaha. "Mwangaluka, kijana. Nimepanga foleni kisimani tangu jana adhuhuri. Pakia."

Fundi alichukua moja, mwalimu akachukua moja. Mimi nilisimama mbele ya yaliyobaki nikiwa nimeweka mikono nyuma.

"Yamekuwa mazito?" aliuliza Sista.

Nikakumbuka kwamba nimesimama. Ndiyo sheria yenyewe ilivyotaka, mtu asimame aseme, na mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua.

"Ziwa ni maji," nikasema.

Mwalimu alisimama na dumu lake mkononi.

"Sema tena," alisema Sista.

"Ziwa ni maji. Tunapeleka maji kwenye maji. Mama ni mtu wa Nassa, wanakunywa ya ziwani. Tukiyaacha haya, nafasi ipo. Nami nina jiwe la kwao la kuliangalia. Amenituma."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyasema gereji, na nilipomaliza masikio yalikuwa ya moto. Fundi ndiye aliyeanza. Aliweka dumu chini, akakaa juu yake, akacheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Mwalimu alisema, "Wiki sita," akarudia, "wiki sita tumekaa hapa," akashindwa kuendelea. Sista alijiinamia ameshika magoti.

Mwenyekiti hakucheka. Alitazama madumu yake moja moja, kama mtu anayetazama ng'ombe aliokataliwa mnadani.

"Nilipanga foleni," alisema.

"Tunajua, Mwenyekiti," alisema Sista. "Lakini ya ziwani yachemshwe. Yana kichocho. Hilo sitaki ubishi."

"Kijana anakwenda," mwenyekiti alisema hatimaye. "Ila dumu moja linapakiwa. Mnicheke mpaka mchoke. Mimi siwezi kutoka nyumbani nikiwa sisikii maji yakitikisika."

Hayo sita mengine tuliyamwagia miche ya mipapai ya mke wa fundi, naye alishangaa ukarimu wetu.

Pikapu tuliiacha Lamadi kwa mwenyeji wetu, na Jumamosi alfajiri upepo ulitoka nchi kavu ukatusukuma. Lile tanga la turubai la pamba lilijaa, likanyooka, na mimi nilikaa katikati, mahali pa madumu, macho yangu yako kwenye mishono. Hakuna uliofumuka. Maji yalikuwa mapana. Tulizoea kugeuza mashua kila baada ya muda mfupi, kabla ya kugonga tuta, na fundi aligeuza mara kadhaa bila sababu yoyote kabla mwalimu hajamkumbusha kwamba hapa hakuna tuta.

Ufuko haukuwa umenyooka hata kidogo. Jua lilipokuwa limepanda nikaliona. Nililijua kabla sijawa na uhakika: mawe matatu, na juu yake moja kubwa la kijivu, limechafuliwa na ndege. Ufa ulikuwepo, mrefu. Jiwe lilikuwa limekaa.

Sikusimama wala sikusema, nilinyoosha kidole tu. Mwenyekiti aliangalia niliko­onyesha, akamwambia fundi, "Pale." Tukashuka chini ya jiwe la mama. Kulikuwa na wanawake wanafua, wakatusalimia, wakauliza tunatoka wapi. Sista alipowaambia Bariadi walitazama mashua, wakatazamana.

Siku ya kurudi mwenyekiti alilifungua dumu lake, ambalo hakuna aliyekuwa amelinywa, akalimwaga mchangani mpaka tone la mwisho. Nilidhani amelichoka. Akanipa likiwa tupu.

"Jaza," alisema. "Mpelekee mama yako."

Nililishikilia kati ya magoti njia nzima, majini na kwenye pikapu. Mwenyekiti alikaa karibu yangu, na kila gari liliporuka kwenye shimo alilisikiliza dumu.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Mama alikuwa jikoni. Nililiweka dumu mlangoni nikamwambia jiwe limekaa, lina ufa, lakini limekaa. Nilimwambia Sista amesema maji yachemshwe. Aliitika. Kisha alichota kikombe, akayanusa, akayanywa yote akiwa amesimama, bila kuyachemsha. Yaliyobaki akayamimina kwenye mtungi taratibu, na wiki ile nzima hakumruhusu mtu yeyote kuchota humo isipokuwa kwa kunywa.