Blanketi Lenye Sikio

Kiwanda cha kufulia kilijaa mvuke tangu asubuhi, na ndani ya mvuke ule Mama Sikio alisafiri kila siku bila nauli. Kazi yake ilikuwa kukunja mablanketi ya ndege. Yalitoka mashineni yakiwa na joto, akayalaza mezani, akayanyoosha kwa kiganja, akayakunja mara tatu, na baadhi yake akayavuta pembe moja ikasimama kama sikio la mbuzi. Jina lake lilitokana na pembe hiyo. Msimamizi alimkanya mpaka akachoka: abiria wanataka blanketi, hawataki mifugo.

Ukutani palikuwa na ramani ya safari. Wiki ile jicho lake halikubanduka kwenye mstari mmoja mwekundu, uliopinda juu ya bahari mpaka mji wa katikati, kisha ukaendelea hadi mji ambako binti yake, kitinda mimba, alikuwa amepata kazi ya uuguzi. Aliupima kwa mkono: shubiri moja na nusu. Akasimama pale, kiganja ukutani, mvuke ukipita miguuni, akajiona anaelea.

"Hivi huko ni mwendo gani?" alimuuliza dereva aliyekuja kuchukua mzigo.

"Masaa tisa mpaka hapa katikati, shemeji. Unashuka, unapanda nyingine, masaa kumi na moja tena. Unakula, unalala, unaamka, unanuna, bado mko juu tu."

Kununa alikujua. Nyumbani yeye na binti walikuwa hawasemezani. Siku binti alipomwonyesha tiketi, mama aliropoka, "Nenda. Na nikifa usijisumbue, hutaniwahi." Maneno yakishatoka hayarudi, yangekuwa nguo angeyafua kwa maji ya moto. Kuomba radhi alitaka, ila ulimi ulimgomea.

Siku ya safari alitoka kwenda kazini bila kuaga. Lakini mtu hamwachi mwanawe aondoke bila kumsindikiza, walau mpaka njia panda. Basi mzigo wote wa ndege ya jioni aliukunja yeye, na kwa kuwa hakujua binti angekaa kiti gani, kila blanketi alilitia sikio.

"Leo umenijazia zizi zima!" msimamizi alifoka.

"Nigombeze kesho, baba. Leo nasindikiza."

Jioni ndege ilinguruma juu ya bati. Alifumba macho, mikono ndani ya joto la blanketi, akapanda nayo taratibu, mawinguni, mpaka ngurumo ikaisha.

Kisha kimya. Binti hakupiga simu, na mama aliogopa kupiga, asije akapokelewa na kimya kingine.

Siku ya tatu mablanketi machafu yalirudi, yamekunjamana, mengine na madoa ya kahawa. Katikati ya rundo lile lilikuwamo moja limekunjwa mara tatu, na pembeni lina sikio. Mama Sikio alikaa juu ya rundo akalia bila kumwonea mtu haya. Ndipo akapiga.

"Umefika, mwanangu?"

"Nimefika, mama. Ila kwenye ndege ya pili blanketi halikuwa na sikio."

"Msindikizaji huishia njiani." Alijifuta macho kwa lile blanketi. "Na nikiumwa nitakwambia mapema, sawa? Uniwahi."