Treni ya Japani Ukutani kwa Olga

Wapendwa, treni ya Japani iliwahi kupita ndani ya nyumba ya jirani yangu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na nusura iondoke na mume wangu.

Nisikilizeni kwanza, mtacheka baadaye.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yangu na ya Olga zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Mumewe, Télesphore, aliaga akisema amepata kazi Japani, kusafisha zile treni za mwendo kasi.

Kila Jumapili baada ya ibada, Olga anatuita kina mama, anampigia video.

Weee! Jamaa kaegemea kiti chenye kitambaa cheupe. Nyuma yake milima inakimbia, maghorofa yanakimbia, mpaka macho yanauma.

"Hapa tuko kilomita mia tatu kwa saa," anasema. "Chai haimwangike ata kidogo! Na ingine iko inakuja, itaelea, haigusi reli."

"Haleluya!" wanaitikia kina mama.

Mimi nameza mate machungu. Nilikuwa na wivu, sifichi. Olga wa kuniomba chumvi, leo anawekewa kiti cha mbele kanisani!

Nikirudi nyumbani namkuta Alexis wangu, mtu wa kabaza, anaziba pancha ya baiskeli yake ya kubebea abiria.

"Benzako bako mu treni, we uko unaziba pancha!"

Ananipa unga na nyanya, anaenda kuoga.

Nilimsema hivyo wiki hadi wiki. Jumamosi moja nikamkuta anafunga begi.

"Kuna bwana mumoja anavushaka bantu mipaka," akasema. "Kesho kutwa naenda, mpaka Japani. Vraiment, kweli nimechoka kulinganishwa."

Japani niliitaka, lakini nyumba bila Alexis sikuitaka.

Kesho yake alikuja nami kwa Olga, amuulize Télesphore njia. Video ikashika. Télesphore akapiga chafya, akainama.

Kitambaa cha kiti kikaonekana chote. Kimedariziwa ndege mwekundu. Mguu mmoja mwekundu, mwingine kijani.

Jamani, ndege yule ni wangu!

Sisi wanawake wa Uvira, kule Kongo, hatuachi kiti uchi, lazima tukidarizie. Uzi mwekundu uliniishia kwenye mguu wa ndege, nikamalizia na kijani. Kitambaa nikamuuzia mama mwenye ukumbi wa video mtaa wa Area 23, kule Lilongwe. Ukumbi wenye skrini ya ukuta mzima.

Télesphore alikuwa ameipa mgongo skrini, na milima inakimbia humo humo!

Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu. Nikafungua mdomo nimwaibishe Olga mbele ya wote.

Akaniwahi. Akanishika mkono, akanivuta uani.

"Mama Ketsia, nakuomba, nyamaza. Naona umeshajua."

"Na we ulikuwa unajua?"

"Tangu mwanzo. Japani alikosa, akapata haya ya kurudi. Anakatisha batu tiketi kwa mulango ya ukumbi. Lakini kabla ya ile Japani, nani hapa alikuwa ananiita kwa jina?"

Nikakumbuka ile chumvi.

"We unanionea wivu," akaendelea, machozi yanamlenga. "Mi ndo niko na wivu kwako. Kila mangaribi nasikia kengele ya kinga, ile baiskeli ya Alexis, nasikia anakuambia 'nimefika.' Napandisha redio, ili nisisikie."

Tukarudi ndani kwa wenzetu. Ndege wangu nilimwacha abaki Japani.

Nyumbani nilimweleza Alexis peke yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua begi, akatoa shati moja moja.

Mpaka leo kina mama wanaitikia haleluya, nami naitikia nao.

Jioni, kengele ya baiskeli ikilia, redio upande wa pili inapanda. Siku hizi natoka kumwita Olga aje tule nsima, ugali wa huku. Kuna siku anakuja, kuna siku anaongeza sauti.

Ndugu yangu, kabla hujamwonea jirani wivu, uliza kwanza anapandisha redio ili asisikie nini kwako.