Mkwe Juu ya Injini

Maduhu wa Kibaoni hakuwahi kusomea ufundi, na kwa maoni yake hilo ndilo lililomwokoa. Injini ya haisi yake kuukuu ilipokufa, hakwenda gereji. Alinunua injini ya lori dogo lililopinduka, akaja kuazima miti mitatu ninayotundikia mizani ya mpunga, akainingʼiniza injini hiyo mbele ya jiko la mkewe. Miti yangu haijanyooka mpaka leo.

"Itaingia?" nilimuuliza.

"Injini ni injini, kaka."

Haikuingia. Haisi ile injini yake hukaa chini ya viti vya mbele, na hii ya lori ilizidi nafasi. Maduhu akakata bati, akakata na kifuniko, juu akaweka ubao na kigodoro. Kwa miezi mitatu nati zilikuwa zikilowekwa dizeli kwenye sufuria ya ugali. Siku mkewe, Nyanzala, alipotafuna nati ndani ya ugali, alifunga mizigo akarudi kwao Kasansa.

"Nitarudi siku hilo gari litakaponifuata," alisema.

Na kweli, jamani, lilimfuata! Tulilisukuma watu tisa, likakohoa, likawaka. Mimi nilichukuliwa twende wote, maana huko Kasansa lazima lingetaka kusukumwa tena. Nyanzala hana kauli mbili. Alikubali kurudi, ila mama yake, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, aje kwanza alikague hilo jiko.

Kwa heshima ya Kisukuma, mama mkwe angekaa nyuma kabisa, mbali na mkwewe. Lakini Maduhu alitaka Kibaoni nzima imwone mama huyo mbele. Akamkalisha kwenye kigodoro.

Sasa, mkwe hatazamwi usoni. Maduhu aliikodolea macho barabara tu. Mama mkwe naye halalamiki mbele ya mume wa bintiye. Wanasema heshima si utumwa. Waliosema hawajakalia injini. Nilimwona akihamia upande huu, akihamia ule, nikadhani ni mashimo. Naona aibu mpaka leo. Harufu ya kuungua ilipopanda, Maduhu alitupigia kelele kwa furaha:

"Inazoea hiyo!"

Kibaoni watu walikuwa wamejipanga kutushangilia. Mayu Kabula alishuka polepole, kitenge chake kimeungua nyuma, akaomba maji ya kujipoza. Nyanzala akakimbilia jikoni, akarudi na sufuria yake ya ugali. Bado ilikuwa imejaa nati na dizeli.

Mama aliitazama sufuria ile kwa muda. Kisha akageuza uso pembeni, kama heshima inavyotaka.

"Mkwe, gari lako limepona. Limetufikisha."

"Asante, mayu."

"Basi geuza. Mimi na mwanangu tutakaa nyuma."

Maduhu alizungusha ufunguo huku akiomba injini igome. Kwa mara ya kwanza tangu iingie kwenye haisi ile, iliwaka bila kusukumwa.