Mashine Haina Mikono

Mshonaji alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kunyoosha. Ukikaa mbele yake na kola imepinda, vidole vyake vimeshafika shingoni mwako kabla hujamaliza salamu. Kwenye sataranji ugonjwa huo ulikuwa hatari, maana sheria haina huruma: ukigusa kete yako lazima uicheze, isipokuwa umetangulia kusema kwamba unainyoosha tu. Wapinzani wake walimzoea, wakawa wanamwachia. Hata hivyo hakuna aliyewahi kumfunga, na ndiyo maana wasichana wa mtaa walijazana kila Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa klabu, awafundishe. Chumba hicho alikipenda kuliko duka lake.

Kisha shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaleta programu ya kompyuta. Bwana huyu alikula kwake, akavaa alichoshona yeye, na mchezo wenyewe alifundishwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Sasa alikuwa akimjaza mwenyekiti wa klabu maneno kwamba mwalimu wa kisasa ni mashine. Ikaamuliwa wapambane, atakayeshinda achukue chumba na wasichana. Wiki hiyohiyo, bila haya, shemeji akapita dukani na koti jipya lipunguzwe mikono, alivae siku ya ufunguzi wa darasa la mashine. Alishajihesabia ushindi.

Mshonaji akauliza masharti. Akaambiwa mashine imelishwa michezo yake yote ya zamani. Akaomba naye aone hata mmoja wa mashine. Akajibiwa kuwa hiyo ni siri ya kampuni. Alikasirika, lakini alikubali kucheza, kwa kiburi tu, na kiburi chake hakikuwa cha kupimia kijiko.

Siku yenyewe shemeji alikaa upande wa pili, akisoma skrini na kusogeza kete kwa niaba ya mashine. Mshonaji alikuwa anaongoza. Shemeji akacheza, na alipokuwa akirudisha mkono, kiwiko kikampitia farasi wa mshonaji, akakaa upande. Bila kufikiri, mshonaji akamnyoosha.

"Umegusa, shemeji," akaambiwa kwa upole.

Mwamuzi akakubali. Farasi akachezwa, na ngome aliyokuwa akiilinda ikaliwa. Mshonaji alimtazama shemeji yake usoni, akajua. Mashine haikuwa na habari ya ugonjwa wake. Mwenye habari ni huyu aliyekula kwake, na alimchukia pale pale, chuki ya waziwazi.

Akakaza. Pole pole mchezo ukaanza kumrudia, na shemeji akaanza kutoka jasho. Kwa haraka zake akamshika malkia badala ya askari, akamwinua, akaona amekosea, akamrudisha kimyakimya.

"Amemshika malkia," mshonaji akasema. "Amcheze."

Malkia huyo angechezwa, angeliwa, na mchezo ungekwisha. Mwamuzi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari.

"Mashine haikugusa kitu," mwamuzi akasema hatimaye. "Mashine haina mikono."

"Na huu uliomwinua malkia ni wa nani?"

Mwamuzi akaashiria mchezo uendelee. Alicheza mpaka mwisho, akafungwa, akaondoka bila kuaga mtu. Asubuhi yake akafungua duka na kulitoa lile koti.

Siku ya ufunguzi lilifika ukumbini wageni wameshakaa, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Wasichana walikuwa wamepangwa mbele, wamenuna. Mwenyekiti akamwita shemeji aje aonyeshe mchezo wa kwanza. Akajitupia koti mabegani, akazamisha mikono yote miwili kwa mpigo, na yote miwili ikakwama ndani. Koti lilikuwa limezibwa kule vidole vinakotokea, kwa mishono midogo, imara, iliyonyooka. Akavuta, akajipinda, koti likazidi kumbana. Msichana mmoja akaanza kucheka, kisha wote.

Mezani skrini ilikuwa imeshatoa hatua yake ya kwanza, inasubiri mtu wa kuisogezea kete.